Besi yenye betri: pima kwanza kabla ya kuilaumu priampu

Gitaa la besi lenye betri likianza kukwaruza kwenye noti za chini, au likazimika katikati ya wimbo, watu hukimbilia kusema priampu (saketi ndogo ndani ya besi inayokuza sauti kabla haijafika kwenye ampli) imekufa. Mara nyingi ni nzima. Kosa liko kwenye betri, kwenye jeki, au kwenye nyaya mbili zinazoziunganisha, na hayo yote unaweza kuyapima kwa mita ya kawaida ya fundi umeme kabla hujatoa hela ya kununua priampu nyingine.

Jeki ndiyo swichi. Besi nyingi za betri hazina kitufe cha kuwasha wala kuzima. Kazi hiyo hufanywa na jeki ya stirio yenye miguu mitatu. Mguu wa ncha hubeba sauti, mguu wa shina ni ethi, na mguu wa pete umelehemiwa waya mweusi wa betri, yaani hasi. Ukichomeka plagi ya mono, shina lake refu huunganisha pete na ethi, na priampu inapata umeme.

Kwa hiyo waya ukiachwa umechomekwa usiku kucha, betri inaliwa usiku kucha, hata kama ampli imezimwa na vitufe vyote viko sifuri. Transmita isiyo na waya iliyobaki kwenye besi ina madhara yaleyale. Ukitumia waya wa stirio kwa bahati mbaya, pete haikutani na ethi na besi inakuwa bubu ingawa haina ubovu wowote. Na swichi ya pasivu, kwenye besi nyingi, hupitisha sauti kando ya priampu tu, haikati betri. Zipo pia besi zisizo na pasivu kabisa. StingRay ya Music Man, iliyoingia sokoni 1976, kwa asili ni hivyo: betri ikiisha, hakuna sauti.

Sasa vipimo. Acha betri imefungwa, chomeka waya, weka mita kwenye volti za DC, kisha gusa vichwa viwili vya betri. Alikalini mpya husoma kati ya 9.4 na 9.6. Mimi hubadilisha ikifika 8, sisubiri isikike. Ikishuka hadi 7 tatizo linasikika wazi, na sababu yake ni hii. Chipu ya priampu, tuseme TL072, haiwezi kusukuma sauti mpaka ukingo wa umeme wake. Hupoteza karibu volti 1.5 kila upande. Kwenye volti 9 inabakiwa na nafasi ya volti 6 hivi, kwenye volti 7 inabaki 4. Ukipandisha kitufe cha besi kwa desibeli 12, mawimbi yanakua mara nne: volti 1 inakuwa 4, na hapo vilele vinakatwa. Ndiyo maana mkwaruzo huanza kwenye uzi wa E ukipigwa kwa nguvu. Rudisha kitufe cha besi katikati. Mkwaruzo ukitoweka, ishuku betri kabla hujaanza kufungua spika.

Kipimo cha pili ndicho muhimu zaidi, na mafundi wengi hukiruka: mkondo. Chomoa kifuniko cha betri (kile chenye vifungo viwili na nyaya mbili), kisha kiegeshe pembeni ili kichwa kimoja tu kishike. Mita iweke kwenye miliampea 20, waya mmoja wa mita uguse kichwa cha betri kilichobaki wazi, mwingine uguse kifungo kilichobaki kwenye kifuniko. Usiguse kwa mita hiyo vichwa vyote viwili vya betri ikiwa kwenye miliampea, utaunguza fyuzi ya mita. Plagi ikiwa imechomekwa, priampu nyingi zitasoma kati ya miliampea 0.2 na 3. Ukichomoa plagi, mita lazima isome sifuri kamili.

Isiposoma sifuri, umempata mla betri wako. Huenda ulimi wa pete umepinda na unagusa shina muda wote, au tone la lehemu limeziba nafasi kati ya miguu miwili. Kosa ninalolikuta sana ni jeki ya zamani kubadilishwa kwa jeki ya mono, halafu waya mweusi wa betri ukalehemiwa moja kwa moja kwenye ethi. Besi kama hiyo inapiga vizuri kabisa, ila priampu haizimiki kamwe.

Mita ikisoma sifuri hata plagi ikiwa ndani, umeme umekatika njiani. Kagua waya pale unapoingia kwenye kifuniko cha betri, maana hukatikia ndani ya plastiki na kwa nje unaonekana mzima. Mwambaoni, hewa ya chumvi hula vifungo vya kifuniko hicho; visugue, kisha kile kipana kibane kidogo kwa koleo ili kishike. Kifuniko kipya ni bei ndogo sana, usikihurumie cha zamani.

Ukiujua mkondo, hesabu ya saa ni rahisi. Alikalini ya volti 9 hubeba takriban miliampea-saa 500. Priampu inayokula miliampea 0.5 itakwenda kama saa 1,000. TL072, yenye ampli mbili ndani, hula karibu miliampea 2.8, hivyo ni kama saa 180. Ndugu yake TL062 hula karibu 0.4 tu, na miguu yao imepangwa sawasawa. Anayeweza kuvumilia kelele kidogo zaidi ya nyuma anaweza kuweka TL062 mahali pa TL072.

Dukani soma namba, usisome maneno. Betri iliyoandikwa 6F22 ni ya zinki na kaboni, hata kama juu yake pameandikwa "Extra Heavy Duty" kwa herufi kubwa. Hubeba kidogo na huvuja mapema. Alikalini ni 6LR61, na ni nzito kuliko ya zinki: gramu 45 hivi. Za kuchaji za NiMH nyingi ni volti 8.4 na miliampea-saa 200 hivi, kwa hiyo unaanza ukiwa na nafasi pungufu. Za lithiamu za kuchaji zenye saketi ndani yake, baadhi huleta mlio mwembamba ndani ya sauti. Kwenye besi mimi siziweki.

Betri mbili kwa mfululizo, volti 18, huongeza nafasi ya sauti, haziongezi saa. Kabla ya kufanya hivyo soma volti zilizoandikwa kwenye kapasita (vihifadhi umeme vidogo) za priampu. Zikiwa za volti 16, usithubutu. Na betri zote mbili ziwe mpya kwa pamoja.

Vitufe vinavyokwaruza vikizungushwa vinahitaji akili kidogo. Nyunyizia dawa ya kusafishia kontakti, zungusha mara ishirini. Kelele ikirudi baada ya siku mbili, pima volti za DC kwenye miguu ya kitufe hicho, priampu ikiwa inawaka. Kwenye vitufe vya sauti panapaswa kuwa sifuri au milivolti chache. Ukikuta nusu volti, kitufe hakina kosa: kapasita iliyo kabla yake inavujisha DC, na hata ukibadilisha kitufe mara tatu kelele itabaki. Badilisha kapasita. Kama kitufe chenyewe kimeisha, kumbuka kuwa vya besi za betri huwa kilo-omu 25 au 50. Ukiweka 250 kwenye besi na trebo, marekebisho yatajazana sehemu moja ya mzunguko.

Umeme ukifika na sauti bado hakuna, nenda kwenye chipu. Kwa TL062 au TL072 inayotumia betri moja, kati ya mguu wa 8 na wa 4 upate volti zote za betri, na miguu ya 1 na 7 iwe karibu nusu yake, 4.5 hivi. Mguu wa kutolea ukiwa umeganda juu au chini, ama chipu imeungua, ama kapasita inayoshikilia ile nusu imekufa. Kapasita ndiyo ya kubadilisha kwanza. Priampu iliyomwagiwa gundi nyeusi haikuruhusu hayo yote. Kwake funga pikapu (kinasa mtikisiko wa nyuzi) isiyohitaji betri moja kwa moja kwenye ncha ya jeki. Sauti ikitoka, priampu ndiyo mbovu kweli. Kipimo hicho hakifai kwa pikapu zinazohitaji betri zenyewe.

Chipu nyingi huuawa na betri iliyoguswa kinyume kwa sekunde moja tu gizani jukwaani. Lehemu dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N5817 kwenye waya mwekundu wa betri, mstari wake ukielekea upande wa priampu. Kwa mkondo mdogo hivi inakula kama volti 0.2, wakati 1N4001 ingekula zaidi ya mara mbili yake. Vika mpira wa kusinyaa kwa joto, kisha pima tena mguu wa 8 kabla ya kufunga skrubu.