Tara Arts: Wahindi wa Uingereza na jukwaa lao

Mwaka 1976 kijana wa miaka 18, Gurdip Singh Chaggar, aliuawa Southall, London, katika shambulio la kibaguzi. Mwaka uliofuata, wakisukumwa na mauaji hayo, Jatinder Verma na wenzake wakaanzisha kikundi cha maigizo, Tara Arts. Verma alizaliwa Dar es Salaam na kukulia Nairobi. Alihamia Uingereza mwaka 1968 akiwa na miaka 14, wakati familia nyingi za Kihindi zilipokuwa zikiondoka Kenya.

Mtu angetarajia waanze na mchezo wa kulaani polisi na wabaguzi. Wao walianza na tamthilia ya Tagore, mshairi wa India, kuhusu mfalme anayepiga marufuku kafara ya damu hekaluni. Mimi hufundisha uongozaji, na uamuzi huo naurudia kila mwaka darasani. Ulijibu mauaji bila kuyataja, tena kwa hadithi ya kwao wenyewe.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya Tara: utambulisho waliuweka katika namna ya kuigiza, si katika hotuba za wahusika. Mwaka 1990 Verma alipeleka Tartuffe, tamthilia ya Mfaransa Molière, katika Jumba la Taifa la Maigizo, London, akaihamishia India ya wafalme wa Mughal. Katika michezo mingi ya Kizungu mwigizaji hujifanya haoni hadhira, yuko sebuleni kwake. Kwa mtindo wa Tara, msimulizi huwageukia watazamaji na kuzungumza nao. Wapiga muziki wamekaa wazi jukwaani. Mguu ukikanyaga, ngoma inaitikia. Jicho na kiganja hutangulia kusema kabla ya mdomo. Hata lafudhi ya Kihindi, ambayo kwenye televisheni ya Uingereza ilikuwa ya kuchekesha watu, hapa ilibeba mashairi.

Kazi yao inayotuhusu zaidi ni ile ya sehemu tatu ya mwaka 2002, Journey to the West, iliyojengwa juu ya masimulizi ya watu waliohama. Inaanza na vibarua walioletwa kujenga reli ya Kenya, inapita kwenye msafara wa 1968, inaishia kwa vijana wa Uingereza. Afrika Mashariki imepewa uzito wake kamili kama nyumbani palipopotea. Natamani waandishi wetu waichukue sehemu hiyo ya katikati na kuiandika upya kutoka upande wa pili: majirani waliobaki, maduka yaliyofungwa mbele ya macho yao, na Kiswahili walichozungumza wote pamoja.