Mtani hapendwi: Lovely Complex mezani kwa mchora katuni

Koizumi Risa ana urefu wa sentimita 172. Otani Atsushi ana 156.2. Hiyo nukta mbili ndiyo iliyonichekesha kwanza, maana mtu mrefu hana haja ya nukta. Anayeitaja ni yule anayeihitaji.

Nazungumzia Lovely Complex, manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ya Nakahara Aya iliyotoka mwezi hadi mwezi katika jarida la Bessatsu Margaret la shirika la Shueisha, kuanzia 2001 hadi 2006. Imekusanywa katika vitabu 17, na ilipata tuzo ya 49 ya manga ya Shogakukan upande wa hadithi za wasichana. Mwaka 2006 ikatengenezewa filamu ya waigizaji, na 2007 Toei Animation wakaifanya katuni ya televisheni ya sehemu 24. Wengi wa rika langu tuliifahamu kwa hiyo ya Toei, ikizunguka kwenye flashi bweni kwa bweni. Vitabu vyenyewe nilivisoma baadaye sana, nikiwa tayari nachora katuni kwa kulipwa na nikiwa nimejikokota na Kijapani hadi kufika mahali pa kusoma kiputo, kile kiwingu chenye maneno ya mhusika, bila kufungua kamusi kila mstari.

Rudi kwenye vipimo kidogo. Mvulana wa Kijapani wa miaka 17 kwa wastani ana karibu sentimita 171, msichana karibu 158. Kwa hiyo Risa amempita mvulana wa kawaida, na Otani hajamfikia hata msichana wa kawaida. Ni kama Nakahara amechukua fomu mbili za zahanati akabadilisha majina. Wanaoisimulia hadithi hii huishia hapo: msichana mrefu, mvulana mfupi, mapenzi magumu. Mimi naona urefu ni chambo tu. Kasoro ya Risa iko mdomoni.

Huyu binti haongei, anarusha. Otani akisema moja yeye ana mbili. Darasani hafanyi vizuri, na hadithi inamkuta kwenye masomo ya ziada ya likizo ya kiangazi. Ana wivu, ana hasira za karibu, na likija jambo linalomgusa kweli moyoni hulifunika kwa kichekesho kabla hujaliona. Otani naye ni hivyohivyo. Mwalimu wao kawabandika jina la All Hanshin Kyojin, wachekeshaji wa kweli wa Osaka, mmoja mfupi na mmoja mrefu. Darasa zima linawatazama kama onyesho. Wakikaribiana tu, watu wanajiandaa kucheka.

Osaka kuna sanaa ya jukwaani iitwayo manzai. Watu wawili wanasimama mbele ya kipaza sauti. Mmoja, boke, anasema upuuzi. Mwenzake, tsukkomi, anamrudi papo hapo, mara nyingi na kofi la kichwani juu yake. Risa na Otani wanaishi ndani ya mtindo huo, wakipokezana nafasi. Ukitaka kuielewa manga hii usianze na neno "mapenzi", anza na manzai.

Na sisi hatuhitaji kwenda mbali kuielewa manzai hiyo, kwa sababu tuna utani. Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana, mmoja anaweza kumwita mwenzake mtumwa wake, akamnyang'anya kofia, akaja hata msibani kwake kufanya vituko, na hakuna anayenuna. Anayenuna ndiye mkosaji. Ni ruhusa kubwa, lakini ina bei yake ambayo hatuisemi sana: mtani hana pa kuliweka neno zito. Akisema "nina njaa", ni utani. Akisema "naumwa", ni utani mpaka aanguke. Sasa mpe mtani huyo jambo la moyoni alitoe kwa sauti ileile, kwa mdomo uleule ambao jana ulikuwa ukimwita mwenzake kibeti. Nani atamsikia?

Hiyo ndiyo Lovely Complex. Mwanzoni wawili hawa hata hawatakani. Risa anampenda Suzuki, mvulana mrefu mpole, Otani anampenda Chiharu, rafiki wa Risa mwenye umbo dogo, wanakubaliana kusaidiana. Suzuki na Chiharu wanapendana wao kwa wao. Wapambe wanabaki na mate mdomoni, na katika kubaki huko Risa anagundua kwamba anayemngoja kila asubuhi si Suzuki. Anapojaribu kumwambia Otani, Otani haoni kuwa ameambiwa kitu. Anaona ni kichekesho kingine. Wamejenga pamoja nyumba isiyo na mlango wa kutokea, na Risa ndiye wa kwanza kuugonga ukuta.

Kichekesho kikawa ndicho kizuizi. Katika vichekesho vingi vya mapenzi kizuizi hutoka nje: mama mkwe, mpinzani tajiri, barua iliyopotea. Mzaha hubaki pembeni, wa kumpumzisha msomaji. Nakahara kaugeuza: kadiri wanavyochekesha ndivyo Risa anavyozidi kuzama, na msomaji anayecheka ni mshiriki katika kumzamisha. Mara ya pili nilipoisoma nilijikuta nacheka kwa aibu.

Sasa kwenye kazi ya mkono, ambayo ndiyo ninayoijua.

Uso wa msichana katika manga za wasichana ni mali inayolindwa. Macho makubwa yenye nyota ndani, pua isiyoonekana, kidevu cha sindano. Hata akilia, analia vizuri. Nakahara haulindi uso wa Risa hata kidogo. Anamchora kapanua mdomo mpaka meno ya nyuma, macho yamekuwa vitone viwili, pua imefutuka. Fremu inayofuata, uso uleule umetulia, mistari michache, midomo imefungwa. Hakuna onyo katikati. Na mbinu hiyo inafanya kazi kwa sababu ya kuzoea: ukishamwona Risa akivuruga uso kurasa ishirini, siku asipouvuruga unashtuka. Hahitaji machozi. Kutulia kwake peke yake kunatosha kukwambia kuwa leo si utani. Otani ndiye asiyeona, kwa sababu yeye hayumo upande wetu wa ukurasa.

Halafu kuna maneno yasiyo na kiputo. Manga za wasichana zina mazoea ya kuyaacha mawazo ya msichana yaelee juu ya ukurasa, nje ya viputo, wakati mwingine yakipita katikati ya fremu mbili. Risa ndani ya kiputo ni mtani. Risa nje ya kiputo ni mtu mwingine, taratibu, karibu mnyonge. Otani anasoma viputo tu. Sisi tunasoma vyote. Hapo ndipo mapenzi ya upande mmoja yanapokaa hasa, kwenye ile nafasi nyeupe kati ya mdomo na kichwa. Wajapani wana neno lao, kataomoi: kata ni upande mmoja, omoi ni fikra au hisia. Linamtaja anayewaza, halimtaji kabisa anayewaziwa.

Na zile sentimita 15.8 za tofauti? Jaribu kuchora vichwa viwili hivyo katika fremu moja ya karibu. Huwezi. Ukimpata Risa, Otani anabaki nywele. Ukishusha kalamu kwa Otani, Risa anakuwa bega. Mchoraji analazimika kila mara kuamua: nimwinamishe yeye, nimwinue yule, niwaketishe, niwaweke kwenye ngazi? Wakiketi tofauti inapungua, macho yanakutana, na mazungumzo yanabadilika. Ukiwasoma kwa jicho hilo utaona urefu si mada tena, ni kifaa cha kupimia ukaribu. Niliwahi kujaribu kuiga ukurasa mmoja kwa mazoezi nikaharibu karatasi sita. Ya saba niliwaketisha.

Huyu msichana mwenye kasoro hakuzuka na Nakahara. Miaka ya 1970 jarida la Ribon lilikuwa na hadithi laini za wasichana wa kawaida, wanaojikwaa, wasiojiamini, na Mutsu A-ko alikuwa mmoja wa walioongoza mtindo huo. Mwisho wake uliujua: mvulana anageuka na kumwambia nakupenda hivyo ulivyo. Ni mwisho unaofariji, na una kasoro yake pia, kwamba binti hana alilolifanya. Kakaa, kapendwa.

Mwaka 1990, ndani ya Bessatsu Margaret hiyohiyo, Tada Kaoru alianza Itazura na Kiss na kuvunja utaratibu. Aihara Kotoko, wa darasa la mwisho kabisa shuleni, anampelekea barua Irie Naoki, kijana mwenye akili za kutisha, naye anaikataa palepale. Sehemu kubwa ya hadithi ni Kotoko kutokukubali kukataliwa. Tada alifariki 1999 akiwa na miaka 38, hadithi haijakamilika. Mwisho tunaoujua uliwekwa na katuni ya televisheni ya 2008. Nampenda Kotoko, ila Naoki nimeshindwa. Ubaridi wake unapita mpaka wa kuchekesha, na kuna kurasa natamani baba yake Kotoko angekuwa mkali kidogo.

Otani ni tofauti, na ndiyo maana nakaa naye. Hamkatai Risa kwa kiburi. Aliwahi kuachwa na msichana aliyeishia na mvulana mrefu, hivyo lugha ya "mrefu na mfupi" kwake ni kidonda, na kidonda hicho kakifunga kwa vichekesho. Risa anapomwambia wazi, bila namna ya kugeuza mzaha, jibu ni hapana: hajawahi kumfikiria hivyo. Naamini anasema kweli. Mtu hawezi kumwazia mchumba mwenzake wa jukwaani mpaka kwanza ashuke jukwaani.

Risa hakati tamaa, na hapa kuna wasomaji wanaokereka: akishaambiwa hapana, si aondoke? Nakubaliana nao nusu. Kuna sura ambazo juhudi zake zinachosha, na kuna vichekesho vya miaka ile ambavyo kwa sasa vimechacha, hasa vinavyomhusu Seiko, binti anayechekwa kwa sababu alizaliwa na mwili wa kiume. Ila angalia Risa anachokifanya na huko kutokata tamaa. Anajifunza kusema kitu na kukiacha kama kilivyo. Anakosea, anarudi kwenye mzaha, anajaribu tena. Urefu wake hauguswi mpaka mwisho. Kinachofanyiwa kazi ni ule mdomo. Wakishakuwa wapenzi bado wanaitana kwa majina ya ukoo, Koizumi na Otani, kama watani wanaoogopa kuvua sare. (Karibu miaka yote hiyo ya jarida, waziri mkuu wa Japani naye aliitwa Koizumi. Sijui kama binti alifaidika.)

Nakahara hakuachana na wanawake wa namna hii. Mwaka 2013 alianza Dame na Watashi ni Koi Shite Kudasai, na safari hii shujaa ni mwanamke mzima anayemhonga kijana asiyempenda mpaka pesa ya nyama inamwishia. Ukiwa na miaka thelathini hiyo itakuuma kuliko Risa.

Nina daftari ambalo nafanyia tafsiri ya Lovely Complex kwa Kiswahili, ya nyumbani tu. Ugomvi wao unanijia vizuri. Kijapani cha Osaka kina "aho", tusi jepesi la kirafiki kwa mtu wa huko, wakati "baka" ya Tokyo inamchoma. Sisi tuna "mjinga wewe" inayobadilika kabisa kulingana na anayeisema na anavyocheka. Kinachonishinda ni neno dogo kuliko yote. "Suki." Ukisema suki hujasema nani anapenda, wala nani anapendwa, wala kama ni mtu au ni wali. Waliotafsiri kwa Kiingereza wanahangaika na uzito wake; sisi uzito hautusumbui, "penda" inabeba chai na inabeba mume. Shida yetu ni viambishi. Kiswahili hakiniruhusu kuficha. Na-ku-penda: mimi nimo, wewe umo, kitenzi kimetusimamisha wote wawili hadharani. Ukungu wote aliokuwa akijifichia Otani unatoweka kwa silabi nne.

Nimejaribu "napenda", ikasikika kama anaagiza soda. Nimejaribu "kuna mtu nampenda", ikawa hadithi nyingine. Mwishoni nikaandika "nakupenda" tu, nikampa mdogo wangu asome, yeye ana miaka kumi na mitano na haijui hadithi. Akafika kwenye ukurasa ule, akasoma kiputo cha Risa, akasoma Otani anavyopita juu yake, akarudi nyuma kuhakikisha hajaruka fremu.

"Dada," akaniuliza, "huyu Otani kiziwi?"

Nimefuta. Kiputo kile bado ni cheupe.