Bodalaini: kwa nini macho huwahi hasira usoni mwa mwenzako

Swali: Bodalaini ni nini?

Ni tatizo la haiba, yaani la namna mtu anavyohisi na anavyohusiana na wengine. Hisia hupanda na kushuka kwa kasi, hofu ya kuachwa haimtoki mtu, mahusiano huyumba, na wengine hujidhuru. Si kudeka.

Swali: Mdogo wangu ana tatizo hili. Nikikaa kimya tu huuliza, "Mbona umeninunia?" Ananichokoza?

Hapana, huenda ndivyo anavyokuona kweli. Uso uliotulia hausemi kitu, na mtu anayeogopa kuachwa huujazia maneno mwenyewe. Mara nyingi wenye bodalaini huusoma uso wa namna hiyo kuwa na hasira au chuki.

Swali: Macho yao hutazama wapi hasa?

Mwaka 2013 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha jibu zuri. Wanawake 40 wenye bodalaini na 41 wasio nayo walioneshwa picha za nyuso, nyingine zenye hasira, nyingine hofu, nyingine furaha, huku mtambo ukifuatilia mwendo wa macho yao. Uso ukiwa na hasira, wenye bodalaini waliwahi kuyarusha macho yao kwenye macho ya uso ule, tena mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Amigdala, sehemu ya ubongo inayoshtuka panapo hatari, nayo ilisisimka zaidi. Jicho huruka hivyo kabla mtu hajafikiri, kwa hiyo kumwambia "acha kunichunguza" ni kazi bure. (Walipimwa wanawake tu, wanaume tusiwabebeshe matokeo hayo.)

Swali: Nimesikia kuna dawa ya kupuliza puani.

Hiyo ni oksitosini, homoni inayoleta uchungu wa uzazi na kushusha maziwa ya mama. Katika utafiti ule wa Heidelberg, dawa hii ilipunguza miruko ile ya macho na msisimko wa amigdala. Lakini usikimbilie duka la dawa: katika jaribio jingine, la 2011, iliwapunguzia wenye bodalaini imani kwa wenzao. Tiba inayotegemewa ni ya mazungumzo, hasa ile aliyoiasisi mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Marekani, ambamo mtu hufundishwa kustahimili hisia kali bila kujiumiza na kuishi vizuri na watu.

Swali: Nyumbani tufanyeje?

Usimwachie abahatishe maana ya uso wako. Mwambie mapema: "Kichwa kinaniuma, sijakukasirikia." Akitaja kujiua, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.