Kubuli ni nini hasa, na mbona tunaiita mzaha

Wiki ya kwanza Form One niliambiwa nipime urefu wa domu, yaani bweni, na kijiti cha kiberiti, nikapima, kisha nikaambiwa nimpigie mamangu simu na kiatu nimwambie nimefika salama, domu nzima ikaangua kicheko na hata mimi nikacheka. Wakenya wengi waliosoma bording wana stori kama hiyo. Mono, yaani mgeni wa Form One, lazima akaribishwe, ndio tulikuwa tunasema. Sasa hiyo ni kubuliwa, yaani kuonewa na wenzako (bullying), ama ni mzaha?

Maana ya kubuli inayotumika sana inatoka kwa Dan Olweus, mtafiti Mswidi aliyefanya kazi miaka mingi Bergen, Norway. Alianza kuchunguza watoto wa shule wanaoonewa na wenzao miaka ya 70, na Norway ikaamka kabisa baada ya wavulana watatu kujitoa uhai mwaka 1982, mwaka uliofuata kampeni ya nchi nzima ikaanza. Olweus alikuwa anaangalia vitu vitatu: mtu anakusudia kuumiza, anarudia rudia, na yule anayefanyiwa hana nguvu ya kumkabili. Wawili wa rika moja wakipigania chapati, huo ni ugomvi tu. Mbaya ndio, lakini sio kubuli.

Hicho kitu cha tatu ndicho watu husahau. Nguvu sio misuli peke yake, inaweza kuwa kidato, pesa, beji ya prifekti, marafiki wengi, au tu kuongea Kiingereza bila kushrabu, yaani bila lafudhi ya lugha ya mama, wakati mwenzako ametoka kijijini na kila akifungua mdomo darasa linamcheka. Wasichana mara nyingi hawapigani hata, wananyamaza tu wote akiingia, meza nzima inahama, na ukiuliza nani amemfanya nini hakuna mtu amefanya kitu. Kwa simu ni vivyo hivyo, picha moja ya mtoto inageuzwa stika inatumwa kwa grupu la darasa, aliyetuma ametuma mara moja, lakini kila mtu akiitumia tena ni kama amepigwa upya.

Kwa hivyo kile kijiti cha kiberiti? Siku moja, ikaisha, tukasonga. Lakini domu hiyo hiyo kulikuwa na kijana ambaye mkate wake ulichukuliwa kila jioni, term nzima, na mtu yule yule, na ilianza vilevile, kwa utani. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Midterm ilipoisha huyo kijana akaanza kuumwa na tumbo, hospitali hawaoni kitu, mamake akadhani ni uvivu wa kurudi shule.

Na sisi je? Tulikuwa zaidi ya arobaini tukila na macho kwa sahani. Hapa ndipo Wafini waliona mbali. Christina Salmivalli na wenzake wa Chuo Kikuu cha Turku walitengeneza programu inaitwa KiVa, ikaanza kusambazwa shule za Finland mwaka 2009, na inashughulika sana na wanaotazama, kwa sababu anayebuli anatafuta heshima ya hao watazamaji, wakicheka analipwa, wakinyamaza pia analipwa. Haimaanishi umrukie ngumi. Kwetu hiyo ya mkate ilikatika siku jamaa mmoja wa Form Three alipokuja na kikombe chake akakaa kando ya yule kijana, hakusema kitu, akala, akarudi kesho yake tena.

Kitu kinaniudhi ni venye walimu wengine husuluhisha: wanaita wote wawili ofisini, haya salimianeni, yaishe. Hiyo inafaa kwa ugomvi. Kwa kubuli mnyonge anasalimiana kwa woga halafu usiku taa zikizimwa analipia. Asikizwe peke yake, yule mwingine aitwe peke yake, na mwalimu aulizie tena baada ya wiki, sio siku hiyo tu. Na mahali pa kuangaliwa panajulikana, domu baada ya prepu (masomo ya jioni), vyoo, foleni ya chakula, njia ya kwenda nyumbani. Halafu maprifekti wanyang'anywe ile ruhusa ya kuadhibu wenzao, mwaka 2017 habari za kubuli katika shule ya upili ya Alliance zilipotoka wizara ya elimu ikatuma wachunguzi, na sehemu kubwa ya malalamiko ilikuwa ni maprifekti na mono.

Sheria ipo pia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa mwili au akili, faini hadi shilingi 100,000 au jela hadi miezi 6 au zote mbili. Na nambari 116, simu ya kusaidia watoto, ni ya bure, mtoto mwenyewe anaweza kupiga, Kenya na hata Tanzania. Kumwambia mtu mzima sio kusnichi, kusnichi ni kutaka mtu aingie kwa shida, hapa unataka mtu atolewe kwa shida.

Mzazi naye, usiulize "shule iko aje", utajibiwa "poa" kila siku. Uliza leo lunch alikaa na nani. Na ukisikia "peke yangu" mara tatu mfululizo, funga safari uende shule, usingoje visiting.