Je, wajua kwa nini kijana anayesoma simulizi kwenye simu haigusi rafu ya maktaba ya shule?

Kijana wa kidato cha pili anayesemwa kwamba hapendi kusoma anaweza kumaliza simulizi ya sehemu arobaini kwenye simu, moja baada ya nyingine, mpaka chaji iishe. Hadithi hizo za Kiswahili zimejaa Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp: mapenzi, upelelezi, uchawi, visasi. Basi si kweli kwamba vijana hawasomi. Simulizi inamfuata kijana kitandani, iko katika lugha anayoiota, inakatika pale moyo unapodunda, kisha inasema "itaendelea". Akiichoka, anaiacha na hakuna wa kumuuliza. Kitabu cha maktaba kimempa mgongo, mara nyingi lugha yake inamzidi kimo, kikichelewa kina faini, na akikimaliza anadaiwa muhtasari. Mkutubi anayetaka vitabu vyake vigombaniwe ana kazi ya kuondoa vizuizi hivyo kimoja kimoja, na vingi haviondolewi kwa fedha.

Tuanze na rafu. Katika mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba za mada, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, fasihi ya Kiswahili inaangukia namba 896.392. Namba hiyo inamsaidia mkutubi kujua kitabu kilipo, lakini kijana anayetaka habari ya mauaji yenye kitendawili haimwambii kitu. Usiivuruge. Ongeza tu karatasi ya rangi ya sentimita 2 chini ya namba: nyekundu kwa upelelezi, njano kwa mapenzi, kijani kwa safari na vituko, buluu kwa habari za kweli. Ibandike kwa selotepu pana inayozunguka mgongo wa kitabu, maana gundi peke yake hubanduka kwa jasho la mikono. Orodha ya rangi itundikwe mlangoni.

Kisha geuza baadhi ya vitabu vitazame watu. Rafu ya sentimita 90 hubeba vitabu 40 hivi vikisimama kwa mgongo, na vinavyoonyesha jalada ni 6 tu. Ndiyo maana wakutubi wengi wanaona ni kupoteza nafasi. Lakini jalada ndilo lenye picha, na kijana huchagua kwa macho kabla ya kusoma hata mstari. Tenga rafu moja tu, iliyo usawa wa macho na karibu na mlango, weka sita, na kila kimoja kikiazimwa jaza pengo lake siku hiyohiyo. Kosa linaloua juhudi hii ni kuviweka vitabu vipya ndani ya kabati la kioo lenye kufuli.

Nafasi ya kugeuzia vitabu hupatikana kwa kupunguza. Vitabu vya kiada vya mitaala iliyokwisha kubadilishwa, na nakala sitini za tamthilia ileile ya mtihani, havina kazi mbele ya chumba. Nakala za mtihani zihamie stoo na zigawiwe kwa darasa zima. Vile visivyoazimwa kwa miaka mitatu, vilivyooza au vilivyopitwa na wakati, viandikiwe orodha yenye jina, namba ya usajili na sababu, orodha ipelekwe kwa mkuu wa shule ili viondolewe kwenye leja kwa utaratibu. Ni mali ya shule, havichomwi kimyakimya.

Mkusanyiko wa hadithi fupi uliokatika gundi usiutupe hata kidogo. Tenganisha kila hadithi, ipe jalada la manila, ipige stepla mbili pembeni. Kitabu kimoja chenye hadithi nane kimekuwa vitabu vinane, na kila kimoja kinamalizwa kwa kikao kimoja. Kwa kijana ambaye hajawahi kumaliza kitabu maishani, kufika ukurasa wa mwisho ni jambo kubwa kuliko maudhui yote.

Lugha ndiyo kizuizi kinachofichwa na aibu. Tanzania, mwanafunzi wa shule ya kawaida ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, halafu kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza. Akiingia maktaba anakuta rafu za riwaya za Kiingereza zilizotoka kwa wafadhili. Anafungua, hashiki kitu, anarudisha, na hatasema kwamba hakuelewa. Utafiti wa wataalamu wa lugha Hu na Nation uliochapishwa mwaka 2000, kuhusu wanaosoma hadithi kwa Kiingereza wasichozaliwa nacho, ulionyesha kwamba wengi wanahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ili waelewe bila msaada. Katika ukurasa wa maneno 250, asilimia 2 iliyobaki ni maneno matano. Hapo ndipo kipimo cha vidole vitano kinapopata nguvu: mfundishe kijana afungue ukurasa wa katikati (ule wa kwanza mara nyingi ni mwepesi kuliko kitabu chenyewe), ausome kimya, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vikikunjwa viwili au vitatu, kinamfaa. Ngumi ikijaa, akirudishe sasa, akitafute tena mwakani. Wafundishe darasa zima kwa pamoja, ili anayekunja ngumi asionekane peke yake.

Anayeshindwa na Kiingereza apewe Kiswahili bila masharti. Wapo walimu wanaolalamika kwamba hilo linamchelewesha, ilhali uvumilivu wa kukaa na kurasa mia moja ukishajengwa kwa Kiswahili ataubeba hadi kwenye kitabu cha Kiingereza. Magazeti ya michezo nayo ni usomaji, hasa kwa wavulana. Yaweke, na pembeni yake weka vitabu vya mpira kutoka namba 796.

Jambo ambalo maktaba nyingi haziligusi kabisa, na ambalo simulizi za simu zinalifanya vizuri mno, ni kukatisha. Ingia darasani na kitabu kimoja, soma kwa sauti dakika kumi. Kwa mwendo wa maneno 130 kwa dakika utasoma kama kurasa tano. Zisome nyumbani kwanza, utafute mahali pa kukata: mlango unagongwa, barua inafunguliwa, jina linakaribia kutajwa. Funga kitabu hapo na utoke. Rudi kesho. Siku ya nne au ya tano usisome tena, weka nakala mezani na karatasi ya kujiandikisha foleni. Uwe na nakala tatu angalau, kwa sababu hamu ya kitabu haingoji mwezi. Kama nakala ni moja, mwenye zamu apewe siku nne, si zaidi, na foleni ibandikwe ukutani watu waione ikisogea.

Usipokuwa na siku tano, fanya utambulisho wa sekunde tisini kwa kila kitabu, vitabu vinne, baada ya hapo fungua meza ya kuazima palepale. Sema nani yuko kwenye hadithi, anataka nini, nini kinamzuia, halafu nyamaza. Usitaje dhamira. Usiseme "kitabu hiki kina mafunzo mazuri kwa vijana", maana kijana akisikia hivyo anajua anaitwa kuhubiriwa.

Sasa muda. Riwaya ya kurasa 120 yenye maneno 250 kwa ukurasa ina maneno 30,000. Kijana anayesoma maneno 150 kwa dakika anahitaji dakika 200. Mpe dakika 15 za kusoma kimya kila siku ya shule, labda mwanzoni mwa prepo, naye ataimaliza ndani ya siku 14 za masomo, yaani takriban wiki tatu. Shule inayoazimisha kwa siku 7, ambazo tano tu ndizo za masomo, inampa dakika 75 tu, hajafika hata kurasa 50, na faini inaanza. Ongeza muda hadi siku 21. Katika dakika hizo 15 mwalimu aliye zamu asome pia kitabu chake, asisahihishe madaftari, kwa kuwa darasa huiga kinachofanywa mbele yao. Darasa la watu 50 liletewe boksi la vitabu 60, ili hata wa mwisho abaki na la kuchagua. Pungufu ijazwe na vile vijitabu vya hadithi moja.

Zawadi je? Hapa shule nyingi hupotea kwa nia njema. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora, baadaye walichora kwa muda wa karibu nusu ya wale ambao hawakuahidiwa kitu. Kijana anayeahidiwa daftari kwa kila vitabu vitano hutafuta vitabu vyembamba vitano. Kama lazima pawe na zawadi, iwe kitabu kingine, au haki ya kuchagua majina ya vitabu vitakavyonunuliwa muhula ujao. Na muhtasari wa lazima ufutwe kwa vitabu vya starehe, maana ndio unaofundisha kunakili maneno ya nyuma ya jalada.

Hofu ya kulipa kitabu kilichopotea ina nguvu zaidi kwa wasio na fedha, yaani walewale wasio na vitabu nyumbani. Funika vitabu kwa nailoni ngumu, vya zamani vitangulie kwenda bwenini na likizo, na kwenye bajeti tenga mapema sehemu ya upotevu. Aliyepoteza afanye kazi ya kushona na kugundisha vitabu vilivyochakaa kwa wiki moja badala ya kufukuziwa ada nyumbani.

Mwisho, daftari la kuazimia liongezewe safu mbili. Ya kwanza: "alimaliza / aliacha, ukurasa wa ngapi". Kuacha kusiwe kosa. Kitabu kilichoachwa na watu sita kabla ya ukurasa wa 20 kinakuambia kitoke kwenye rafu ya mbele. Ya pili: "nani alikwambia". Majina yatakayojirudia humo ndiyo ya vijana wanaosikilizwa na wenzao, na wengi hawatakuwa wale wa kwanza darasani. Hao ndio wafanywe viranja wa maktaba, wapewe ile rafu ya majalada sita waipange wenyewe kila Jumatatu.