Kabla ya dawa ya kifafa, niambie ulichokiona

Mgonjwa wa kifafa akija kliniki, ninayemhitaji zaidi ni yule aliyekuwepo alipoanguka, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi hakumbuki kitu. Kipimo cha umeme wa ubongo husaidia, lakini huweza kutoka safi kwa mtu mwenye kifafa kabisa. Video ya simu inayoonyesha macho, mdomo na mikono yote miwili hunisaidia mno.

Swali langu la kwanza: ilianzia wapi? Ikiwa pembe ya mdomo au kidole gumba cha upande mmoja kilitangulia kucheza, kisha mkono, kisha mwili mzima ukakakamaa, chanzo ni sehemu moja ya ubongo, upande wa pili. Hapo natafuta kovu: ajali ya kichwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, au minyoo ya tegu. Hili la tegu linawachanganya wengi. Nyama ya nguruwe isiyoiva humpa mlaji mnyoo wa tumboni. Vivimbe vya ubongoni hutokana na kumeza mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo, kupitia maji, mboga au mikono. Hata asiyeonja nguruwe maishani anaweza kuvipata.

Yupo pia mtoto anayekatika katikati ya sentensi, anazubaa sekunde tano hadi kumi na tano, kope zikipepesa, kisha anaendelea kama kawaida. Shuleni huadhibiwa kwa kutosikiliza. Hicho nacho ni kifafa, na kabamazepini, dawa nzuri kwa kile kinachoanzia sehemu moja, inaweza kukizidisha. Ndiyo maana siandiki dawa kabla ya kusikia maelezo.

Kifafa kwa kawaida tunakithibitisha mtu akipata mishtuko (yaani kuanguka au kuzubaa kama huko) miwili isiyo na kichochezi cha wakati huo, iliyopishana zaidi ya saa 24. Degedege la homa kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 halihesabiwi humo.

Fenobabitoni, dawa nyingine ya kifafa, ni ya bei nafuu na hunywewa mara moja kwa siku, usiku. Mtu mzima kwa kawaida huanza na miligramu 60. Usingizi wa wiki za mwanzo hupungua. Valproeti, nayo dawa ya kifafa, naikwepa kwa msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba, kwani huharibu mtoto tumboni. Dawa sahihi ikinywewa bila kukosa, takriban wagonjwa 7 kati ya 10 huweza kuishi bila kuanguka. Kinachotuharibia kazi ni kuacha ghafla, ama kwa kujisikia mzima ama kwa dawa kuisha: mishtuko hurudi kwa fujo, mmoja ukifuata mwingine bila fahamu kurejea, na hiyo huua. Dawa hupunguzwa taratibu, kwa miezi, tena baada ya angalau miaka 2 bila kuanguka.

Akianguka mbele yako, tazama saa. Sogeza vitu vigumu, mlegezee kola, na mtikisiko ukitulia mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimshikilie, usimnyweshe chochote. Ukipita dakika 5, mkimbize hospitali. Povu lake haliambukizi. Akiangukia kwenye mafiga, mvute mara moja.