Fomalini: ni nini, huchanganywaje, na sampuli huharibikia wapi

Fomalini ni gesi ya fomaldehaidi iliyoyeyushwa kwenye maji kwa kiwango cha asilimia 37 hadi 40. Huongezwa methanoli ili isigande. Chupa ikikaa kwenye baridi hutengeneza mashapo meupe, kwa hiyo usiiweke kwenye friji.

Dawa hii hufunganisha protini: nyama haiozi, na seli hubaki zilivyokuwa. Mochwari huitumia kuhifadhi miili, na maabara za patholojia kuhifadhi vipande vilivyokatwa mwilini vya kuchunguza saratani.

Panapokosewa sana ni kwenye "fomalini ya asilimia 10". Maana yake ni sehemu moja ya fomalini ya dukani kwa sehemu tisa za maji, yaani mililita 100 kwa 900. Fomaldehaidi halisi iliyomo ni kama asilimia 4 tu. Anayesoma 40 kwenye lebo akaishusha hadi 10 kwa hesabu ya kawaida, hupata dawa kali mara mbili na nusu ya inayotakiwa. Kwa kila lita moja ya mchanganyiko, tia pia gramu 4 za sodiamu daihaidrojeni fosfeti na gramu 6.5 za daisodiamu haidrojeni fosfeti, ili pH (kipimo cha asidi) ibaki karibu na 7. Bila chumvi hizo dawa huwa na asidi, na penye damu nyingi huacha madoa ya kahawia yanayomchanganya msomaji wa hadubini.

Dawa iwe angalau mara kumi ya ujazo wa kipande. Hupenya polepole, takriban milimita moja kwa saa, na kadiri inavyoingia ndani ndivyo inavyozidi kuchelewa. Titi au mfuko wa uzazi ukitumbukizwa mzima, nje hukakamaa na katikati huoza, na mgonjwa hulazimika kusubiri jibu lisilokuja. Ukate kwanza kama daktari wa patholojia alivyoelekeza. Kikopo kiwe na mdomo mpana, maana kipande huingia laini na hutoka kigumu.

Sampuli ya kuotesha vimelea, kama ya kifua kikuu, isiguswe na fomalini kabisa, vimelea hufa.

Tangu 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka fomaldehaidi kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Changanya penye hewa ya kutosha, ukiwa na glavu na miwani. Ikirukia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali. Kuitia kwenye samaki au maziwa ni kuwalisha watu sumu.